Kaktasi zangu zimebabuka roshani: kwani mmea wa jangwani nao unaungua jua?

SWALI

Shikamoo Bibi Shamba,

Naomba unisaidie kabla sijazitupa. Nina kaktasi chache nilizozilea ndani kwa zaidi ya mwaka, nimezipanga dirishani sebuleni. Dirisha lenyewe lilikuwa linatazamana na ukuta, kwa hiyo mwanga ulikuwepo ila jua halikuwa linaingia. Zilikuwa nzuri tu. Hazikui sana, lakini hakuna iliyokuwa inaumwa.

Hivi karibuni tumehamia nyumba yenye roshani pana ya wazi, jua linaipiga kuanzia saa nne asubuhi mpaka jioni. Nikasema basi, hawa sasa wamefika kwao. Nikazitoa zote kwa mkupuo na kuzipanga kando ya ukuta. Haikupita wiki. Lile duara lenye miiba ya dhahabu likaanza kupauka upande mmoja, weupe unaoelekea njano, kisha pale palipopauka pakaingia kahawia, pakakauka, ukipapasa panakwaruza. Ile isiyo na miiba, yenye vipande bapa vinavyoungana na kuning'inia na maua yake ya waridi, imegeuka zambarau na kulegea. Ile ndogo ya kichwa chekundu juu ya shina la kijani, kichwa kimefifia na kuingia makunyanzi. Kuna moja ndefu yenye pembe tatu, nayo imepauka kwenye kona. Nilipoikwaruza bila kukusudia ikatoa maji meupe. Dungusi peke yake ndilo halijasema kitu, limesimama vile vile.

Nimekuwa nikizinyunyizia maji saa sita mchana ili zipoe, haijasaidia. Jirani yangu, mzee anayependa bustani, ameziangalia akasema ni ukungu, nikate kila palipoharibika nimwagie dawa. Wifi yangu yeye anacheka: "Mmea wa jangwani unaunguaje jua? Umeuziwa feki." Rafiki mwingine kaniambia nizipake yale mafuta ya kujikinga na jua tunayopaka sisi. Kwa sasa nimezificha zote chini ya ngazi, gizani, nasubiri jibu lako.

Je, ni ugonjwa? Nikate? Hilo baka litaondoka? Na nikizirudisha nje nizikingeje, maana ndani humu hakuna dirisha la maana? Halafu kuna hili la mwisho, usinicheke: naona aibu kwa wageni. Naweza kuligeuza lile duara baka likatazama ukutani?

Mama wa Miiba

JIBU

Marahaba, Mama wa Miiba.

Kabla hujasoma zaidi, nenda kazitoe chini ya ngazi. Mmea uliojeruhiwa unahitaji mwanga ili ujitengenezee nguvu, na gizani haupati kitu. Zipeleke karibu na mlango wa roshani ukiwa wazi, au kwenye kona ya roshani iliyo chini ya paa, mahali ambapo unaweza kusoma gazeti mchana kutwa bila kuwasha taa lakini jua halikugusi. Kisha urudi.

Zimeungua jua. Mzee jirani simlaumu, kwa sababu baka la jua likishakomaa hufanana na mambo mengi, ila barua yako ina ushahidi wa kutosha. Limetokea siku chache baada ya kuzihamisha, limekaa upande mmoja, limeanza kwa kupauka ndipo likaingia kahawia, na ni kavu. Kuoza hakuendi hivyo. Kuoza mara nyingi huanzia chini karibu na udongo, au pale penye jeraha. Ngozi inaingia weusi na kuonekana imelowa, ukiibonyeza inabonyea, na ukisogeza pua unasikia harufu. Chukua mpini wa kijiko ubonyeze taratibu katikati ya baka, halafu ubonyeze kwenye kijani kilicho jirani. Kote kukiwa kugumu, tulia. Kisha chukua kalamu ya wino uchore mstari kuzunguka ukingo wa baka, ukalitazame tena baada ya wiki. Baka la jua linaweza kuzidi kuwa jeusi ndani ya mstari, lakini mmea ukiwa kivulini halivuki. Likivuka, hapo mzee ana hoja.

Wapo pia wanaochanganya baka la jua na kazi ya utitiri mwekundu. Huyo mdudu huacha vidoa vidogo vidogo vya rangi ya kutu, huanzia juu kwenye ngozi changa, na ukitazama kwa karibu utaona utando mwembamba kati ya miiba. Gonga mmea juu ya karatasi nyeupe: vumbi linalotembea lenyewe ndilo hilo. Na kaktasi iliyozeeka huota gome gumu la kahawia kuanzia udongoni kupanda juu, likiizunguka pande zote sawasawa. Hiyo ni kawaida yake, haihitaji dawa yoyote.

Sasa swali la wifi, ambalo nitalikalia kidogo.

Kaktasi hutengeneza ngozi yake kulingana na mwanga inaoupata. Iliyokulia juani hujenga ngozi nene yenye nta, huongeza miiba, na hupunguza kijani chake kisizidiwe na mwanga. Iliyolelewa ndani haina sababu ya kugharamia hayo yote. Inabaki na ngozi laini na kijani tele, ili ikamate ule mwanga mdogo uliopo. Hebu tazama tofauti yenyewe: jua la mchana lisilo na wingu hufikia lux 100,000 hivi (lux ni kipimo cha mwanga). Dirishani pasipoingia jua ni elfu chache tu. Ukirudi mita mbili tatu ndani ya chumba, ni mamia. Sisi hatuioni tofauti hiyo kwa sababu mboni za macho hujirekebisha, na dakika chache baada ya kutoka nje tunaona kawaida. Mmea haujirekebishi kwa dakika, unahitaji wiki. Zako ziliongezewa mwanga mara ishirini au zaidi ndani ya siku moja. Mwanga ukizidi kile kinachoweza kutumika, nishati inayobaki huharibu ile mitambo yenyewe ya usanisinuru, kijani kinakufa, na ndiyo maana weupe ulitangulia kahawia.

Hata kama dirisha lako la zamani lingekuwa linaingiza jua, bado ingekubidi uende nazo taratibu. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya ile mionzi mikali ya urujuanimno inayobabua ngozi. Kaktasi iliyozoea jua la nyuma ya kioo bado ni ngeni kwa jua lenyewe.

Halafu kuna joto. Mimea mingi ya bustanini hujipoza mchana kwa kutoa mvuke kupitia vitundu vya majani. Kaktasi hufunga vitundu vyake mchana kutwa isipoteze maji, ikavifungua usiku, ikavuta hewa ya ukaa na kuihifadhi kama asidi mpaka jua lichomoze ndipo iitumie. Ujanja huo unaokoa maji mengi, lakini maana yake ni kwamba saa za joto kali kaktasi haitoi jasho. Mwili wake hupata joto kuliko hewa inayouzunguka, na kinachoupoza ni upepo tu. Zako zilikuwa kando ya ukuta. Ukuta uliopigwa jua tangu asubuhi unarudisha joto kwa nyuma, na hapo kwenye kona upepo haufiki. Ndiyo maana pia jua la saa tisa alasiri linababua kuliko la saa tatu asubuhi ingawa urefu wake angani ni karibu sawa: asubuhi hewa, sakafu na ukuta bado ni baridi, alasiri vyote vimeshika moto.

Kwa hiyo maji ya saa sita mchana yaache kabisa. Yanapoza ngozi kwa dakika chache tu, na mmea hauna namna ya kunywa kitu cha maana kupitia ngozi hiyo. Yakituama kwenye utosi wa lile duara, ndani ya manyoya, unakaribisha ule ukungu ambao mzee anauogopa. Yakiwa na chumvichumvi yanaacha madoa meupe utakayokuja kuyadhania ni kuungua kwingine. Na kama unatumia mpira uliolala juani, maji ya kwanza kutoka humo yana joto la kukuunguza hata wewe mkononi. Mwagilia udongo, mapema asubuhi au jioni, na umwagilie hadi maji yatoke chini, kisha uache udongo ukauke. Kaktasi yenye kiu ya muda mrefu, iliyosinyaa, huungua upesi kuliko iliyoshiba.

Jangwa lenyewe nalo watu hulidhania vibaya. Tuchukue saguaro, lile kaktasi refu lenye mikono unaloliona kwenye picha za jangwa la Sonora, mpakani mwa Marekani na Meksiko. Mtu akiliona limesimama peke yake juani, lina mita kumi na zaidi, anadhani lilizaliwa hivyo. Mche wake kwa kawaida huota chini ya mti au kichaka, palo verde au meskiti, ukafichwa na matawi dhidi ya jua la mchana na baridi ya usiku. Katika miaka minane ya kwanza huenda usifike hata sentimita 4. Iliyoota mahali pa wazi mingi hufa ikiwa midogo. Saguaro huja kuupita mti ule kimo, na mara nyingi huishi kuliko mti wenyewe, ndipo sisi tunapofika na kamera. Na yale manyoya meupe ya kaktasi ya Meksiko iitwayo Cephalocereus senilis, yanayoufunika mwili mzima, ni kivuli ambacho mmea umejishonea wenyewe. Spishi nyingine zikizoea huhimili joto la mwili linalopita nyuzi 60 za Selsiasi, na jamaa za dungusi zimo humo. Dungusi lako hata hivyo lina bahati. Huenda lilikuwa na ngozi ngumu tangu ulipolipata, au lilisimama bapa zake zikilitazama jua kwa ukingo.

Mwambie basi wifi kwamba hukuuziwa feki. Ingawa, kusema kweli, moja hapo si kaktasi. Ile ndefu ya pembe tatu iliyotoa maji meupe ni yuforbia, jamaa ya minyaa. Kaktasi karibu zote asili yake ni bara la Amerika, na miiba yake huchipuka kutoka kwenye vivimbe vidogo vyenye manyoya. Yuforbia nyingi za namna hiyo ni za Afrika, na miiba yake hutoka miwili miwili kwenye kingo. Utomvu wake unawasha ngozi, na ukiingia jichoni ni hatari, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni ukishaishika, na usiiweke mahali watoto wanapofikia. Kwa habari ya jua, itendee kama nyingine.

Turudi kwenye majeraha. Baka halitaondoka. Ngozi ile imekufa, na kaktasi haibadilishi ngozi ya zamani. Itakachofanya ni kukua juu, na baada ya miaka kadhaa sehemu iliyoungua itakuwa imeshuka chini ambako gome la uzee litaifunika. Usikate. Kovu kavu ni kizibo. Ukilikata unafungua jeraha bichi, na kutokea hapo ukungu unapata mlango ambao haukuwepo. Dawa ya ukungu nayo haina cha kutibu. Na yale mafuta ya rafiki yako yabaki kwenye ngozi zenu. Yanaziba vitundu ambavyo mmea unavitegemea usiku, yananasa vumbi, na juani mafuta yenyewe hushika joto. Ninachotaka uangalie ni utosi wa lile duara. Pekua kwa macho katikati ya yale manyoya ya njano: ukiona vimiiba vipya vinachomoza, vina rangi mbichi inayong'aa kuliko vilivyo pembeni, basi moyo wa mmea uko salama. Utosi ukiwa umeungua wote, mmea mara nyingine huchipuza vitoto pembeni, na hapo tutazungumza habari ya kukata kichwa.

Mbolea usiweke sasa. Wala usibadilishe chungu.

Zitenganishe, maana hazitaki kitu kimoja. Dungusi lirudishe nje pale lilipokuwa, kama bado limo katika hali ile ile na hukuliweka gizani zaidi ya siku chache. Ile ya vipande bapa ni Schlumbergera. Kwao ni milima ya pwani ya kusini-mashariki mwa Brazili, huko huota juu ya miti na miamba, ndani ya msitu wenye unyevu, na jua linaifikia kwa vimulimuli vinavyopenya majani. Hiyo jua la utosini usiizoeshe hata siku moja, haina haja nalo. Zambarau uliyoiona ni rangi ya kujikinga, na ukiiweka kivulini chenye mwanga, udongo ukiwa na unyevu kidogo, rangi hiyo hurudi taratibu kuwa kijani pale ambapo ngozi haijafa. Jua laini la asubuhi kwa muda mfupi linaitosha.

Ile ya kichwa chekundu ni mimea miwili iliyounganishwa. Kichwa ni kaktasi iitwayo Gymnocalycium, isiyo na kijani kabisa, aina iliyoanza kukuzwa Japani katika miaka ya 1940, na kwa kuwa haiwezi kujilisha imepandikizwa juu ya shina la mmea mwingine, mara nyingi ile kaktasi ya kutambaa ya msituni inayozaa tunda liitwalo pitaya. Kichwa hakina kinga, na shina ni la msituni. Vyote viwili vinataka mwanga mwingi bila jua kali. Bonyeza kichwa kwa kidole: kikiwa kimenywea lakini bado kigumu, kinaweza kujaa tena shina likishiba maji. Kikiwa laini na chenye majimaji, kimekwisha. Hata hivyo shina la kijani usilitupe, litachipua lenyewe.

Zinabaki lile duara la dhahabu na yuforbia. Hizi mbili zinapenda jua na zitalipata, ila zifunzwe. Mtu akuambie "zianike tu zitazoea", usimsikilize. Zipe kwanza wiki mbili za kupumzika pale kivulini, na usianze zoezi kipindi joto limepamba moto. Kisha zisogeze mahali zitakapopata jua la asubuhi kwa saa moja hivi. Ukishaona siku nne tano zimepita bila kupauka, ongeza nusu saa au saa, zipe tena siku kadhaa, ongeza tena. Kazi yote inachukua wiki tatu hadi nne, na kwa lile duara lililokwisha kuumia mimi ningekwenda hata taratibu zaidi. Ukiona kijani kinaanza kufifia au kuingia njano upande wa jua, rudi hatua mbili siku hiyo hiyo. Kupauka kwa mwanzo kunaweza kurudi, kahawia hairudi. Wekundu hafifu au rangi ya shaba kwenye ngozi si wa kukutisha sana, ni mmea unajikinga, ila uutafsiri kama ishara ya kutoongeza kwa sasa.

Roshani yako inaanza kupigwa jua saa nne, tayari ni jua la kukomaa, kwa hiyo itabidi utengeneze kivuli. Nunua neti ya kivuli, ile inayotumika kwenye vitalu vya miche. Kwa kaktasi tafuta inayokata mwanga kati ya asilimia 30 na 50. Zile za asilimia 80 ni za mimea mingine, chini yake kaktasi itadhoofika kwa giza. Ukiweza kuchagua, nyeupe hurudisha joto, nyeusi hulinyonya. Ukikosa neti, pazia la zamani jepesi jeupe linafaa. Liwambe nusu mita au zaidi juu ya mimea, pembeni uache wazi upepo upite. Kuifunika mimea kwa kitambaa kikiigusa ni kosa lingine, joto linabaki ndani. Nailoni inayopitisha mwanga usiiguse kabisa: jua linaingia lote, joto halitoki, na mmea unaiva ukiuangalia. Kwa dharura ya siku moja mbili, karatasi moja ya gazeti iliyolazwa juu ya miiba inatosha.

Ziondoe ukutani, hata sentimita arobaini zinaleta tofauti. Zinyanyue kutoka kwenye sakafu ya saruji kwa vipande vya mbao. Na uangalie vyungu, jambo ambalo wengi wanalisahau kwa sababu wanatazama mmea tu. Chungu cheusi cha plastiki kikipigwa jua ubavuni hupika mizizi iliyogusana na ukuta wake. Mmea unasinyaa ilhali udongo una maji, mwenye mmea anaongeza maji, na mizizi iliyokufa inaoza. Gusa chungu saa nane mchana. Kama huwezi kuuacha mkono wako pale, mizizi nayo haiwezi. Kitumbukize ndani ya chungu kikubwa zaidi cha udongo au cha rangi nyeupe, pabaki nafasi ya hewa kati yao, au weka tofali upande wa jua likikinge.

Ukimaliza yote hayo usidhani umemaliza, maana jua lenyewe linahama. Kwa aliye kaskazini ya tropiki, jua la mchana hutokea kusini mwaka mzima, na kwa aliye kusini yake hutokea kaskazini. Kwa aliye karibu na ikweta jua hupita kusini Desemba na kaskazini Juni, kwa hiyo upande wa chungu uliokuwa kivulini nusu ya mwaka unajikuta juani nusu ya pili. Kaktasi iliyokaa mahali pamoja miezi sita bila tatizo inaweza kuungua bila wewe kuigusa. Vivyo hivyo msimu mrefu wa mawingu ukiisha ghafla: ngozi imeshasahau jua, na siku tatu za anga jeupe zinatosha kuleta mabaka. Siku hizo rudisha neti hata kama ulikwisha kuitoa. Iliyohamishwa chungu karibuni nayo ikae kivulini wiki moja au mbili, mizizi yake iliyotikiswa haiwezi kuifikishia maji ya kutosha.

Najua baada ya haya yote utashawishika kuzificha. Usizidishe. Kaktasi inayokosa mwanga hurefuka kichwa kikawa chembamba na kilichochongoka, rangi ikapauka, miiba ikawa michache na dhaifu, na sehemu hiyo iliyokonda hainenepi tena hata ukiirudisha kwenye mwanga. Tena ngozi yake ni laini kuliko zote, hiyo ndiyo inayoungua kwa dakika chache. Ukiona lile duara linaanza kuwa na umbo la yai, mwongezee mwanga.

Na wageni wako. Usiligeuze duara kwa sasa. Upande wenye baka umeshakufa ngozi, jua haliwezi kuuchoma mara ya pili kwa kiasi hicho, na pale ulipo unakinga. Ukiuelekeza ukutani unaleta mbele upande wa nyuma, ambao haujawahi kuona jua maishani mwake, na utapata baka la pili lililo sawa na la kwanza. Weka alama ya chaki kwenye chungu, upande unaotazama jua, ili kila unapokisogeza kufagia ukirudishe vile vile. Mmea ukishapata nguvu na miiba mipya ya utosini imefika urefu wa ile ya zamani, utaanza kukizungusha kidogo kidogo, upana wa vidole viwili kwa wiki, tena katika miezi ambayo jua si kali. Wageni wakiuliza kabla ya hapo, waambie ni kovu.

Bibi Shamba